Sinthesaiza ya mezani au yenye vibonyezo: bendi ya Tabora ichague ipi?

Bendi moja ya hapa Tabora, watu wanane wanaofanyia mazoezi Isevya, ina wiki ya tatu sasa haijakubaliana juu ya chombo kimoja. Wamechangishana fedha za kununua sinthesaiza, chombo cha umeme kinachotengeneza sauti za ala nyingine. Mpiga kinanda anataka ile ya mezani, kiboksi chenye nobu na taa, kisicho na vibonyezo, ambacho hakipigiki mpaka kiunganishwe na kinanda kingine. Kiongozi wa bendi anataka toleo la mashine hiyo hiyo lililokuja na vibonyezo vyake. Mimi nimewafungia mitambo kwa miaka kadhaa, wakaniomba niseme ninavyoona. Nimelikalia swali hili kwa uzito, maana fedha hiyo ni ya harusi za msimu mzima wa tumbaku.

"Mwanangu," kiongozi alimwambia kijana huyo, mpiga kinanda, siku niliyokuwapo, "mtu aliyelipa kiingilio anataka aone mikono inapiga. Wewe utakuwa umeinamia kiboksi."

"Mzee, mikono itaonekana kwenye kinanda tulichonacho," kijana akajibu. "Kiboksi kinatuongezea sauti tu."

Wote wawili wana hoja, ila naona wamegombania umbo kabla hawajaulizana sinthesaiza yenyewe inakuja kufanya kazi gani. Tuanzie hapo.

Jina la Tabora kwenye muziki wa dansi lilijengwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Enzi hizo pale palipohitaji saksafoni au tarumbeta alisimama mtu akapuliza. Leo ni bendi chache za mikoani zinazoweza kulisha wapulizaji watatu. Kazi yao imehamia kwa mtu mmoja, mpiga kinanda: mkono wa kulia anashika noti tatu za tarumbeta, wa kushoto ameshikilia ogani au nyuzi za chini ili wimbo usibaki mtupu, na sebene likiingia anatakiwa aachie vyote akimbizane na gita la solo. Kwa hiyo chombo kinachotafutwa lazima kiweze kutoa noti sita au saba kwa wakati mmoja, na kiwe na nafasi ya mikono miwili bila vidole kugongana.

Ukipima kwa kipimo hicho, utaona neno "yenye vibonyezo" lenyewe halitoshi. Chukua Korg minilogue xd ya mwaka 2019. Toleo lake la kinanda lina vibonyezo 37 vyembamba, yaani oktava tatu na kimoja cha kumalizia, na linatoa noti 4 tu kwa pamoja. Mpiga rumba akiweka noti tatu kulia na mbili kushoto, ya tano itaiba nafasi ya mojawapo ya zile nne, na msikilizaji atasikia wimbo umepungukiwa bila kujua kilichopungua. Toleo lake la mezani nalo ni la noti 4, lakini limetengenezwa liweze kuunganishwa na jingine zikawa 8. Na ukilichomeka kwenye kinanda cha vibonyezo 61 vya ukubwa wa kawaida, tayari umepata nafasi ambayo toleo la kinanda halikupi. Hapo kijana anamshinda mzee waziwazi.

Lakini geukia kampuni ya Novation. Peak, iliyotoka 2017, ni ya mezani, noti 8. Miaka miwili baadaye wakatoa Summit yenye vibonyezo 61 na noti 16, na kimsingi ndani yake ni Peak mbili zilizowekwa pamoja. Pale mzee ndiye mwenye haki: unaweza kuweka tarumbeta upande mmoja na nyuzi upande mwingine, kila upande ukiwa na noti zake, kwenye chombo kimoja. Kwa hiyo hata ile imani kwamba matoleo mawili ni mashine moja iliyovalishwa nguo tofauti si ya kweli kila mara. Inabidi usome kila mashine peke yake.

Mgawanyiko huu si mpya. Yamaha walipotoa DX7 mwaka 1983 ilikuwa na vibonyezo 61, noti 16, na ilisikia nguvu ya kidole. Baadaye wakatoa TX7, kiboksi chenye sauti zile zile kwa mtu aliyekwisha kuwa na kinanda. Mwaka huo huo wa 1983 ndio MIDI ilipoingia sokoni, na bila MIDI mjadala wa Isevya usingekuwepo. Ndiyo inayokiwezesha kinanda cha kampuni moja kukipigia kiboksi cha kampuni nyingine.

Na ndiyo inayonitia mimi wasiwasi.

Usiku mmoja Urambo, kwenye harusi, mcheza shoo alikanyaga waya wa MIDI katikati ya sebene ukachomoka. MIDI haipitishi sauti, inapitisha ujumbe. Kidole kikishuka unakwenda ujumbe wa kuanzisha noti, kikinyanyuka unakwenda mwingine wa kuisimamisha. Waya ukichomoka kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili, mara nyingi kiboksi hakina namna ya kujua kwamba kidole kimeshanyanyuka, kwa hiyo kinaendelea kulia. Noti tatu za tarumbeta ziliganda juu ya sauti ya mwimbaji, mpigaji anabonyeza huku na huku bila jibu, mpaka nilipoishusha chaneli yake kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti za vyombo vyote. Hazikufika hata sekunde kumi. Lakini bibi harusi aligeuka akatutazama, na uso ule sijausahau.

Toleo lenye vibonyezo halina waya huo. Vibonyezo na ubongo viko ndani ya bati moja. Kwa mtu anayefunga vyombo ukumbini nusu saa kabla ya wageni kuingia, gizani, na watoto wanapita nyuma ya jukwaa, hiyo ni faida kubwa kuliko nobu zote. Toleo la mezani linakudai waya wa umeme wa kinanda, waya wa umeme wa kiboksi, MIDI, na nyaya za sauti za vyote viwili. Kila kiungo ni mahali pa kukatikia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakishalipa. Vinanda vingi vya nyumbani vya miaka ya karibuni havina tena tundu la MIDI la pini 5. Vimeachiwa USB peke yake, na USB ile imekusudiwa kompyuta. Ukichukua kinanda cha namna hiyo na sinthesaiza ya mezani yenye tundu la pini 5, vitakaa bega kwa bega vikitazamana. Itabidi ununue kidude cha tatu cha kuviunganisha, nacho kina adapta yake. Kabla mtu hajatuma fedha, ageuze kinanda alichonacho atazame mgongoni. Cha bendi hii nimekigeuza mwenyewe: ni cha zamani kidogo, matundu yote mawili ya MIDI yapo. Ingekuwa hayapo, uchambuzi huu ungeishia hapa na ningemwambia kijana akubaliane na mzee.

Hata likiwepo tundu, kinanda chenye midundo ya kujipiga kina tabia yake. Mdundo ukiwa unaendelea, vingine hurusha na ujumbe wa besi na ngoma kupitia MIDI, kwenye chaneli mbalimbali kati ya zile 16 za MIDI, yaani njia za kutenganisha ujumbe. Kiboksi kilichoachwa kipokee chaneli zote kitajaribu kupiga ngoma kwa sauti ya tarumbeta. Dawa yake ni kukifungia chaneli moja tu, ile ya mkono wa kulia, na kuihifadhi hivyo. Ni kazi ya dakika tano nyumbani. Jukwaani ni fedheha.

Kuhusu umeme, nisahihishe kitu nilichomsikia kiongozi akikisema, kwamba toleo lenye vibonyezo litawaondolea habari za adapta. Si lazima. Hiyo minilogue xd niliyoitaja hutumia adapta ndogo ya nje hata kwenye toleo la kinanda. Linalosumbua zaidi ni pale umeme unapokatika na jenereta kuchukua nafasi. Sinthesaiza inazima na kuwaka upya, na kila ulichokirekebisha kwa nobu bila kukihifadhi kinapotea. Wengine watakuambia ununue kitu kama Roland JU-06 ya 2015, kiboksi kidogo kinachokubali betri, kisizimike kabisa. Ni kweli hakizimiki, ila nacho kina noti 4, tukarudi kulekule.

Sasa nimtetee kijana, kwa sababu mpaka hapa kama nimemwelemea.

Mimi ndiye ninayepakia. Tunakwenda Nzega, Kaliua, Sikonge, mara nyingi kwa basi, na chombo kirefu kinaingia kwenye buti chini ya magunia. Vibonyezo vya pembeni ndivyo vinavyoanza kuvunjika. Vumbi la kiangazi cha huku linaingia kwenye mipira iliyo chini ya vibonyezo, na baada ya muda unabonyeza noti moja mara mbili ndipo iitike. Kiboksi unakiviringishia kitenge, unakitia kwenye begi, unakaa nacho mapajani mpaka mnafika. Rafiki zangu wa Kigoma wanaosafiri kwa boti kwenda vijiji vya kando ya ziwa wataelewa bila kuelezwa zaidi.

Na fikiria kinachotokea chombo kikiumia. Kwenye toleo lenye vibonyezo, vibonyezo vikifa unabaki na chombo kirefu ambacho nacho hakipigiki mpaka kiunganishwe na kinanda kingine kwa MIDI, na vibonyezo vya mashine hiyo huvipati Tabora. Kwenye toleo la mezani, kilichokufa ni kinanda cha kawaida, na kinanda cha kawaida kinaazimika. Kwaya ngapi za mji huu zina kinanda? Ukikosa Kanyenye utapata Kitete, mradi tundu la MIDI liwepo. Yaani kile kinachoharibika mara nyingi ndicho kinachopatikana kirahisi, na kile cha gharama kimekaa salama kwenye begi. Hoja hii kijana hakuitoa siku ile, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zake zote.

Bei sitaizungumzia sana. La mezani kwa kawaida ni nafuu, lakini ongeza nyaya, stendi na kidude cha USB kama kinahitajika, utakuta nafuu yenyewe imepungua.

Mikisa, hata hivyo, lazima niiseme, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Yetu ina chaneli 12. Waimbaji watatu, maikrofoni nne za ngoma, besi, magita mawili, tumba: hizo ni 11. Imebaki moja. Kinanda na kiboksi vikija pamoja vinataka mbili kwa uchache. Vinanda vingi vina tundu la kupokea sauti ya nje, kwa hiyo kiboksi kinaweza kupitia humo vikatoka kwa waya mmoja, lakini basi mizani kati ya viwili hivyo iko mkononi mwa mpigaji, mimi siwezi kuigusa nikiwa nyuma ya ukumbi. Kwa mpigaji mwenye sikio zuri nitakubali. Huyu analo.

Kwa hiyo bendi hii, yenye kinanda cha vibonyezo 61 kinachofanya kazi na matundu yake ya MIDI, nawashauri wachukue ya mezani, na isiwe ya noti chini ya 8. Waya wa MIDI uwe mfupi, ufungwe kwenye mguu wa stendi kwa kamba ili ukikanyagwa uvute stendi na siyo tundu, na wa akiba ukae ndani ya begi hilo hilo. Mkishashuka safarini, kinanda na kiboksi vifungwe kwenye ubao mmoja na nyaya zichomekwe, ili jukwaani vipande kama chombo kimoja. Bendi inayoanza leo bila kinanda chochote ningeiambia kinyume kabisa: nunueni yenye vibonyezo, 61, vya ukubwa wa kawaida, na msidanganywe na kidogo cha kupendeza dukani.

Hoja ya kiongozi kuhusu macho ya watu sijaipatia jibu kamili, na siidharau. Watu wa Tabora wamezoea kumtazama mpigaji. Nimependekeza kiboksi kisilazwe pembeni ambako kijana atakigeukia na kuwapa watu mgongo, kiwekwe juu ya kinanda upande wa kushoto, kimeinuliwa kidogo, azungushe nobu huku mkono wa kulia unaendelea kupiga. Ijumaa tunajaribu hivyo mazoezini kwa kiboksi cha kuazima. Mzee amesema atakaa viti vya nyuma kabisa, atazame.