Simu haijawahi kumaliza LUKU

Nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam zina mtuhumiwa mmoja wa umeme, na karibu kila mara ni yuleyule: kijana wa chumba cha uani mwenye simu mbili na pawabenki. Yeye ndiye "anayemaliza LUKU", yaani umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia. Anasemwa kwenye kikao cha wapangaji, anasemwa bombani, na mita ikianza kulia pii-pii usiku macho yote yanageukia mlango wake. Chumba cha pili yake wanachemsha maji ya kuoga kwa hita ya ndoo kila alfajiri. Cha tatu kuna friji la mtumba linalonguruma mpaka kunakucha. Mchango wa umeme ni sawa kwa wote, na anayeitwa mharibifu ni mwenye simu.

Msimamo wangu ni huu: umeme tunaoulipia hatuujui, na kutoujua kunatutia hasara mara mbili. Kwanza tunaoneana sisi kwa sisi. Pili, tukiwa bado tunazozana kuhusu chaja, hatuoni kwamba bei yenyewe ya umeme imepangwa kwa namna inayomwumiza mpangaji wa chumba kimoja kuliko mtu mwenye nyumba yake.

Simu kwanza, tumalizane nayo. Betri ya simu ya kawaida inabeba wati 15 hadi 20 za saa moja. Hata ukiichaji kutoka sifuri kila siku, ukaongeza na kidogo kinachopotea kwenye chaja, unatumia takriban sehemu moja ya hamsini ya uniti. Mwaka mzima hazifiki uniti 10. Kwa mteja wa T1, daraja la bei la matumizi ya kawaida, ambaye uniti yake ni shilingi 292 na ikijumlishwa na kodi na tozo inafika kama 356, simu hiyo inakula chini ya shilingi 3,600 kwa mwaka. Kwa mwaka, jamani. Kijana na simu zake mbili na pawabenki yake hamalizi hata elfu kumi na moja kuanzia Januari mpaka Desemba.

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Hakuna siri nyingine. Geuza kifaa chochote nyuma au chini utaona wati zake zimeandikwa, na ukishazoea kusoma namba hizo unagundua kwamba kelele na mwanga havili umeme kama tunavyodhani. Sabufa inayotikisa vioo vya jirani inaweza kuwa inavuta wati 60 tu. Taa ya LED ni wati 7 au 9. Feni inazunguka usiku kucha kwa wati 50 hadi 75. King'amuzi na TV bapa ya kawaida kwa pamoja havifiki hata wati 150. Kinachokula ni joto. Kitu chochote kinachochemsha, kinachopasha, kinachokaanga au kunyoosha nguo mara nyingi kinaanzia wati 1,000 kwenda juu: pasi, birika, hita, jiko la koili. Ile hita ya kuogea inayofungwa bafuni kwenye bomba la mvua ndiyo baba lao, maana inaanzia kama wati 3,500, na dakika kumi za kuimba chini ya maji ya moto zinaondoka na zaidi ya nusu uniti.

Turudi kwenye ndoo. Kutoa maji lita 20 kwenye joto la kawaida la hapa Dar na kuyafikisha kwenye joto la kuogea vizuri kunataka kama theluthi moja ya uniti, utumie hita ndogo au kubwa. Hita ndogo itachukua muda mrefu, kubwa itawahi, lakini maji yanadai joto lilelile. Familia ya watu watatu, ndoo tatu kila asubuhi, ni kama uniti moja kwa siku, shilingi 356 hivi. Mwezi ukiisha ni zaidi ya elfu kumi za maji ya kuoga peke yake, na hapa ni pwani ambako maji ya bomba hayana baridi ya maana. Watu wa Njombe na Makete kwenye baridi wasinihesabie kwa bei hii, wao maji yao yanaanzia mbali.

Pasi sitakaa nayo sana. Nyoosha nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Kila asubuhi ukiiwasha kwa shati moja unalipia kuipasha pasi yenyewe kabla haijagusa nguo.

Friji ndilo lenye maneno mengi, kwa sababu halizimwi. Friji zuri la wastani, lenye mpira wa mlango unaobana na nafasi ya kupumua nyuma, linaweza kukaa chini ya uniti moja kwa siku. Lakini mengi tunayonunua ni ya mtumba, yameshatumika Ulaya miaka kadhaa, mpira umelegea, na tukifika nayo tunayasukumia ukutani kwenye chumba chenye joto. Friji la namna hiyo kufika uniti mbili kwa siku si ajabu. Uniti 60 kwa mwezi! Weka karatasi mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kung'ang'ania, ujue baridi unayoilipia inatokea hapohapo.

Wala huhitaji fundi ili ujue friji lako linakula kiasi gani. Nenda kwenye mita. Kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba ikifuatiwa na "imp/kWh". Hiyo ni idadi ya mipepeso inayotimiza uniti moja. Mita nyingine ni 1,000, nyingine ni zaidi, kwa hiyo soma ya kwako. Chukua ya 1,000 kwa mfano. Usiku, zima kila kitu ubakize friji, kisha shika saa ya simu. Kitaa kikipepesa kila baada ya sekunde 24, mota inavuta wati 150. Ongeza pasi, utaona sasa kinapepesa kila baada ya sekunde tatu hivi. Washa hita ya ndoo juu yake, kinakuwa kama kimepagawa. Halafu zima vyote, ubaki na taa mbili za LED za wati 9, usubiri. Utasubiri zaidi ya dakika tatu kuona mpepeso mmoja. Mtu akishalifanya zoezi hili mbele ya wapangaji wenzake, kikao kijacho kinabadilika. Nimeona mama mmoja, mtu mzima anayeheshimika, akitazama kitaa kile kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni hita yangu?" Hakuna aliyemjibu. Wiki hiyo akarudi kwenye jiko la gesi kwa maji ya kuoga.

Kitu cha pili kinacholeta fitina ni risiti. Nina ya mwaka 2024, ya shilingi elfu kumi. Umeme wenyewe ni 8,196.72. VAT ya asilimia 18 ni 1,475.41. Tozo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, na ya REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3. Uniti 28.1. Hiyo ndiyo hesabu ya kawaida ya T1 na wengi wameishika kichwani: elfu kumi, ishirini na nane. Lakini tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inakatwa shilingi 1,500 kila mwezi. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Maana yake, mpangaji ambaye zamu yake ya kununua imeangukia tarehe mosi anatoa elfu kumi iliyochangwa na anarudi na uniti 23.9. Wenzake wanapiga hesabu, wanaona zinapungua nne, na maneno yanaanza: kala hela ya luku. Kumbe amelipa kodi ya mwenye nyumba. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, na mpangaji ana haki ya kumwambia baba au mama mwenye nyumba, kwa adabu kabisa, kwamba 1,500 hizo zikatwe kwenye pango. Kwa mwaka ni elfu kumi na nane. Na kama pampu ya kuvuta maji ya kisima anayouzia mtaa mzima imeunganishwa kwenye mita ya wapangaji, basi hilo nalo liletwe mezani siku hiyohiyo.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera zaidi.

Umeme wa majumbani una daraja jingine, D1, lililowekwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi unazipata kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema ananunua luku ya 9,150 na mwezi unakwisha: 9,150 ndizo uniti 75 kamili. Ukizidisha, uniti zinazofuata zinaruka hadi 350, na ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1. Ni utaratibu wenye nia njema. Tatizo lake ni kwamba unahesabu mita, hauhesabu watu.

Chukua nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Kila chumba kina familia au mtu wake, na kila kimoja kinatumia uniti 40 kwa mwezi: taa, TV, feni, pasi, simu, wali mara mojamoja. Hakuna mwenye makuu hapo. Kila mmoja wao akisimama peke yake ni mtu wa D1 bila ubishi, na bado ana nafasi ya kubaki. Angelipa 4,880. Lakini mita inaona uniti 240, inamwona tajiri, na wote wanalipia T1. Uniti zilezile 40 zinakuwa zaidi ya shilingi 14,000 kwa chumba. Karibu mara tatu. Wakati huohuo mtu mwenye nyumba yake, anayeishi yeye na mwenzake, wanapikia gesi na kushinda kazini, anaweza kabisa kuwa anakaa chini ya 75 na kununua kwa bei ya wanyonge.

Najua jibu litakalokuja: fungeni submita, mita ndogo ya kila chumba nyuma ya ile kubwa. Submita ni nzuri, inakata ugomvi, kila mtu analipa alichotumia na kijana wa simu anapumua. Lakini haishushi bei hata senti. Inagawa T1 kwa haki, basi. Jibu jingine ni kwamba kila chumba kiombewe mita yake, na hilo kwa mjini ni gharama ya zaidi ya laki tatu kwa mita bila kuhesabu nyaya za ndani, kwenye nyumba ambayo mpangaji anaweza kuhama baada ya miezi sita. Mwenye nyumba haoni faida yake, na simlaumu.

Wenzetu wa Kenya walipopangiwa bei mpya Aprili 2023, daraja la chini lilishushwa kutoka uniti 100 hadi 30. Sisi hatujafika huko na naomba tusifike. Ila kiwango cha 75 nacho kinagongana na mipango yetu wenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na presha kuka ya umeme inapigiwa debe kila kona. Inastahili debe lake. Maharage kilo moja kwenye presha kuka yanaiva kwa nusu uniti hivi, kama shilingi 180 kwa bei ya T1, na hakuna mkaa wa bei hiyo. Lakini mama wa D1 akiitikia wito, akapika chai, maharage, wali na mboga kwa umeme, friji nalo lipo, 75 zinaisha kabla mwezi haujaisha. Anahamishiwa T1, na kuanzia hapo hata taa yake inawaka kwa bei mara tatu. Anachopata kwa kuacha mkaa ni kupandishiwa umeme wote wa nyumba. Jirani yake akimwona, ataendelea kununua mkaa wa kopo.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa yenye megawati 2,115. Kwa nchi iliyokuwa kwenye mgao mwanzoni mwa 2024, sababu ya kuendelea kubana matumizi ya maskini ni ndogo kuliko ilivyokuwa. Ningependa kuona EWURA na shirika la umeme, TANESCO, wakifanya mambo mawili: kuongeza uniti za D1 kwa nyumba inayopikia umeme, na kuruhusu mita moja ihesabiwe kwa idadi ya kaya zilizomo. Watu watadanganya idadi? Wengine watadanganya. Lakini mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua nani anakaa wapi, ndiye tunayemfuata kwa barua ya utambulisho kila siku, na daftari analo. Wapangaji sita wakienda kwake na risiti za miezi mitatu na hesabu ya kila chumba, hilo si lalamiko la mtaani tena, ni jambo la kupeleka kwenye mkutano wa maoni siku EWURA watakapoita wadau kujadili bei.