Sare Iwe na Mtandio

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya kinataja mambo ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo. Rangi imo, jinsia imo, ujauzito, ulemavu, dini. Na mavazi yamo. Kifungu hicho hakiifungi serikali peke yake, kwa sababu kinaendelea kumkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa misingi hiyo hiyo. Mbele kidogo, kifungu cha 32 kinasema hakuna atakayenyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Katiba hii tuliipitisha mwaka 2010. Wasichana wanaomaliza vyuo Mombasa leo walikuwa watoto wadogo wakati huo, na wengi wao ukiwauliza hawajui kwamba mavazi yao yanalindwa na sheria kuu ya nchi.

Nawajua kwa sababu huwa wananiletea barua zao za maombi ya kazi niwasomee. Wanatoka Kisauni, Majengo, Likoni, wengine Kwale. Vyeti vyao ni vya uuguzi, uhasibu, usimamizi wa hoteli, kompyuta. Ninaporekebisha barua, swali linalowasumbua si la Kiingereza wala la mpangilio wa karatasi. Wanauliza: "Dada, kwenye picha nivae mtandio au nisivae?" Anayeuliza hivyo keshajifunza kutoka kwa waliomtangulia kwamba picha inaweza kumfungia mlango kabla cheti hakijafunguliwa.

Huwa nawajibu wavae. Utakavyokwenda kazini ndivyo uonekane kwenye picha. Lakini najua gharama ya jibu hilo, na anayeilipa si mimi.

Ubaguzi wa aina hii hausemwi wazi. Ungesemwa, ungekuwa rahisi kupigana nao. Binti mmoja mwenye diploma ya hoteli aliitwa kwenye mahojiano ya kazi ya mapokezi, mahali ambapo sitapataja. Alijibu maswali vizuri, akaulizwa lugha anazozijua, akataja nne. Mwishoni meneja akamtazama kichwani, akauliza kwa upole, "Na hiyo, unaweza kuivua ukiwa kazini?" Akasema hawezi, lakini yuko tayari kuvaa ya rangi ya sare yao. Akaambiwa atapigiwa simu. Hakupigiwa. Hana barua ya kukataliwa, hana shahidi, hana kitu cha kupeleka popote. Alichobaki nacho ni uhakika wa moyoni kwamba kilichoamua ni kile kitambaa. Ukiwa na uhakika usioweza kuuthibitisha, watu wanakuambia unajidhania tu.

Kuna kesi moja ya Marekani ninayopenda kuwasimulia mabinti hawa kwa sababu inafanana sana na hali hiyo. Mwaka 2008 Samantha Elauf, msichana wa miaka 17, aliomba kazi ya kuuza nguo katika duka la Abercrombie mjini Tulsa, Oklahoma. Aliyemhoji alimpa alama za kutosha kuajiriwa. Kisha akawauliza wakubwa wake kuhusu mtandio mweusi aliouvaa msichana yule, akajibiwa kwamba unakwenda kinyume na kanuni za kampuni za muonekano wa wafanyakazi. Kazi ikapotea hapo. Mahakamani kampuni ilijitetea kwamba Samantha hakuwahi kusema kwamba anahitaji kuruhusiwa avae kwa sababu ya dini. Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa utetezi huo kwa kura nane kwa moja. Aliyeandika hukumu ni Jaji Antonin Scalia, mtu aliyejulikana kwa msimamo wa kihafidhina. Kiini cha hukumu ni kwamba mwajiri anayemkataa mtu ili kukwepa kumruhusu kufuata dini yake amevunja sheria, hata kama mtu huyo hakutamka ombi na hata kama mwajiri mwenyewe alikuwa anakisia tu.

Ulaya wameelekea kwingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Samira Achbita aliyekuwa karani wa mapokezi nchini Ubelgiji, ilisema kampuni inaweza kuwa na kanuni ya kukataza alama zote za dini na siasa mradi iwahusu wote kwa usawa. Mwaka 2021 ikaongeza kwamba mwajiri lazima aonyeshe haja ya kweli ya kanuni hiyo. Mimi usawa huo siuoni. Kanuni inayosema wote wawe vichwa wazi haimgusi aliyezaliwa akiwa kichwa wazi na kukua hivyo. Inamgusa mmoja tu, na huyo mmoja inamtoa kazini.

Hapa kwetu sheria iko upande wa binti kuliko anavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua kwa sababu ya dini mfanyakazi au hata mtu anayeomba kazi, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Kesi ikifika mahakama ya leba, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wapo watakaonikumbusha kesi ya shule ya Kiwanjani kule Isiolo. Ni kweli, Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wanafunzi kuvaa hijabu mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo Januari 2019. Lakini ilifanya hivyo hasa kwa sababu dai halikuletwa kortini kwa njia ipasavyo. Hata hivyo sijui ni msichana gani wa Majengo, aliyetoka juzi chuoni na bado anadaiwa karo, atakayeanza maisha ya kazi kwa kumshtaki mwajiri. Ndiyo maana maneno yangu leo nawaelekezea zaidi waajiri.

Hoja zenu nimezisikia, na si zote za kupuuzwa. Hospitalini kuna suala la usafi. Kiwandani kuna mashine inayoweza kunasa kitambaa kinachoning'inia na kumvuta mtu. Jikoni kuna moto. Hizi ni hoja za kazi yenyewe, na hoja ya kazi ina jibu la kazi. Uingereza, hospitali ya Royal Derby ilianza mwaka 2019 kutoa mitandio safi ya kuvaliwa mara moja na kutupwa kwa wahudumu wa chumba cha upasuaji. Wazo hilo alilileta daktari kijana, Farah Roslan, ambaye akiwa mwanafunzi aliwahi kuambiwa atoke chumba cha upasuaji kwa hofu ya viini kwenye hijabu aliyokuwa ameivaa tangu asubuhi. Hakubisha kwamba hofu ile haina msingi. Alitafuta kitambaa safi. Kiwandani nako, kikofia cha ndani kinachobana pamoja na mtandio mfupi uliochomekwa ndani ya ovaroli hauna ncha ya kunaswa. Ukweli ni kwamba mfanyakazi mwenye kikofia hicho yuko salama kuliko mwenye rasta ndefu zilizoachwa wazi, na huyo sijasikia akikataliwa kazi kwa ajili ya mashine.

Niqabu ni suala jingine na sitaki kulificha nyuma ya mtandio. Kuna kazi ambazo sura lazima ionekane, kwa mfano kuhakikisha utambulisho wa mtu kwenye kaunta ya benki au kufundisha watoto wadogo wanaosoma midomo ya mwalimu. Mwanamke aliyechagua niqabu anastahili kuzungumza na mwajiri wake kwa uwazi, na pengine watakubaliana, pengine hawatakubaliana. Ninachokataa ni mwajiri kuanza kuzungumzia niqabu pale ambapo aliyekaa mbele yake ana uso wazi na kitambaa cha kichwa tu.

Baada ya hoja za kazi inabaki ile ya "muonekano" na "wateja wetu". Hii ndiyo inayowanyima wengi, na hii ndiyo isiyo na mguu wa kusimamia. Masista watawa wameuguza katika hospitali za misheni nchini humu kwa miongo mingi wakiwa na vitambaa vyao kichwani, na sisi Waislamu tumezaliwa mikononi mwao na kudungwa sindano nao, tukashukuru. Wakorino, waumini wa kanisa la Kikristo la hapa Kenya, wanavaa vilemba vyao vyeupe wakiwa walimu na wafanyabiashara. Hakuna aliyesema kilemba kinapunguza akili ya hesabu. Jirani zetu Tanzania wana rais, Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa Machi 2021 na anayekagua gwaride la majeshi akiwa na mtandio. Afrika Kusini, Meja Fatima Isaacs, daktari wa jeshi katika hospitali ya kijeshi ya Wynberg, Cape Town, alishtakiwa kwa kukataa kuvua kitambaa kilichobana kichwa chini ya bereti yake. Januari 2020 mashtaka yakaondolewa, na mwaka uliofuata jeshi likabadilisha kanuni zake za mavazi. Jeshi, ambalo sare ndiyo nidhamu yake ya kwanza, limepata nafasi ya kitambaa. Mapokezi ya hoteli yanashindwa na nini?

Tena hoteli. Angalieni vipeperushi vya utalii wa Pwani yetu. Mara nyingi utamkuta mwanamke wa buibui akipita mbele ya mlango wa nakshi wa Lamu, au akitembea kwenye kichochoro cha Mji wa Kale. Picha yake inatumika kumwalika mgeni. Mgeni akifika, mwanamke yule haruhusiwi kusimama kwenye kaunta akamkaribisha. Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu kinachouzwa ni sisi, na malipo ya kuuzwa kwetu hayatufikii.

Sasa nigeuke nyumbani, maana lawama zote si za waajiri.

Binti akirudi mara ya tatu bila kazi, wazee wanamwambia, "Mwanangu, haya ni ya kheri. Kaa nyumbani, pika mahamri na viazi vya karai uuze, au jifunze kuchora hina na kupamba maharusi." Naiheshimu biashara hiyo. Imesomesha watoto wengi Pwani, pengine mimi na wewe tumo. Lakini aliyesomea uuguzi kwa miaka mitatu, kwa karo iliyokopwa, hakusomea mahamri. Tukimpeleka jikoni kwa sababu mlango wa wodi ulikuwa mgumu kufungua, tumemsaidia aliyemkataa. Na kuna jambo la kushangaza zaidi. Baba yule yule anayesema kazi za nje hazimfai mwanamke mwenye stara, mkewe akishikwa na uchungu wa kuzaa anafika hospitalini akitaka apokewe na mkunga mwanamke, na ikiwezekana Mwislamu. Anataka atoke wapi? Kila daktari mwanamke anayemsitiri mkeo alikuwa binti wa mtu aliyeachwa akasome, akaenda kwenye mahojiano akiwa na mtandio, akarudi akakataliwa, akaenda tena.

Misikiti yetu ina uwezo hapa. Wafanyabiashara Waislamu wenye maduka ya dawa, shule, kampuni za mizigo na hospitali za binafsi ni wengi Mombasa. Wengine wao, nasema kwa uchungu, huwaambia mabinti zetu wavae "kiofisi". Benki za Kiislamu zilizofunguliwa nchini mwaka 2008, Gulf African na First Community (siku hizi inaitwa Premier Bank), ziliwaweka wanawake wenye hijabu mbele ya wateja, na wateja wa kila dini walipanga foleni wakahudumiwa. Anayesema haiwezekani katika mji huu aende akaone kaunta zile.

Kwenu mabinti, haya ndiyo ninayowaambia tukikaa na zile barua. Uliza mapema sare ikoje, kabla ya siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida kama unavyouliza saa za kuingia. Nenda na mtandio wa rangi moja, wa kitambaa cha jezi kisichohitaji pini, ili wakuone jinsi unavyokaa nadhifu. Ukiulizwa kama utauvua, jibu kwa ufupi kwamba hutauvua na useme utauvaaje pamoja na sare yao. Usianze kutoa mawaidha ya dini, hukuitwa kwa hilo. Ukiajiriwa kwa makubaliano ya mdomo, omba yaandikwe kwenye mkataba, kwa sababu meneja aliyekukubali anaweza kuhamishwa na atakayekuja asikujue. Ukikataliwa waziwazi, andika tarehe, jina la aliyekuhoji na maneno aliyoyasema, siku hiyo hiyo.

Na kwenu mnaoajiri, sitaki mahakama zifike kati yetu. Ninachoomba ni kidogo na kinashonwa na fundi yeyote wa Biashara Street. Sare iwe na mikono mirefu na suruali pana au sketi ndefu kwa atakayetaka, na mtandio wa kitambaa kile kile cha sare. British Airways walipotoa sare mpya mwaka 2023 waliweka mtandio na nguo ndefu miongoni mwa mavazi ya kuchagua. Kisha liandikeni jambo hilo kwenye tangazo la kazi, mstari mmoja tu: "Sare yetu ina mtandio kwa atakayeuhitaji." Mstari huo utawaletea watu ambao hadi sasa walikuwa hawatumi maombi kabisa.

Hoteli za Nyali na Diani huajiri watu zaidi kabla ya msimu wa Desemba, na sare hushonwa kabla ya hapo. Kama wewe ndiye unayepeleka oda kwa fundi, mwongezee mitandio kwenye hesabu hiyo.