Picha kali au mchezo mpya? Kesi ya DS na PSP

Katika The Legend of Zelda: Phantom Hourglass, gemu ya mwaka 2007 ya Nintendo DS, mashine ya gemu ya mkononi yenye skrini mbili, kuna mahali unatakiwa uchukue alama iliyo kwenye skrini ya juu na kuigonga kama muhuri kwenye ramani iliyo skrini ya chini. Unagusa kwa kalamu, wapi. Unapuliza maikrofoni, wapi. Unabonyeza vitufe vyote, bado. Jibu lake ni kuifunga mashine kama mtu anavyofunga kitabu, halafu kuifungua tena. Skrini mbili zimebusiana, na muhuri umeshagongwa.

Fumbo hilo haliwezekani kwenye mashine ya skrini moja, hata uipe nguvu kiasi gani. Ndio mfano ninaoukimbilia kila ninapobishana na watu wa PSP, mashine ya mkononi ya Sony, juu ya kipi bora: picha kali au namna mpya ya kucheza. Nao wana mifano yao, na si ya kubezwa.

Mashine hizi mbili ziliingia sokoni wiki chache tu baina yao: DS nchini Marekani Novemba 2004, PSP nchini Japani mwezi uliofuata. Kwa macho tu, mechi ilikuwa imekwisha kabla ya filimbi. PSP ilikuwa na skrini moja pana ya inchi 4.3 na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 32. DS ilikuwa na viskrini viwili vya inchi 3 kila kimoja, RAM ya MB 4, na umbo ambalo hata mashabiki wake hawakuthubutu kuliita zuri. Bei nayo ilisema kitu: nchini Marekani DS ilianza kwa dola 150, PSP kwa dola 250.

Hesabu ya mwisho inajulikana. DS ziliuzwa takriban milioni 154, PSP karibu milioni 80. Wengi huishia hapo, wanagonga meza na kutangaza kwamba ubunifu umeshinda. Mimi sina haraka hiyo. Kabla ya PSP, hakuna mpinzani wa Nintendo aliyewahi hata kukaribia mauzo ya namna hiyo kwenye mashine za mkononi. Ukiita hayo kushindwa, itabidi utafute neno jingine la yaliyowakuta waliotangulia.

Tena ni rahisi mno kuitupia PSP ile methali ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Si haki. Mwaka 2005 ilitoka Grand Theft Auto: Liberty City Stories, na mtu aliweza kushika mkononi mji mzima wa 3D unaozungukika: magari barabarani, redio inaimba, mtaa mmoja unazaa mwingine. Hapo picha si rangi iliyopakwa juu ya mchezo, picha ndiyo mchezo. Raha yenyewe ni kuwa mahali fulani, kupotea njia, kuona kitu kwa mbali na kukifuata. Umbali wa kuona na idadi ya magari vinatoka kwenye nguvu ya mashine, na mashine dhaifu inakunyima zaidi ya urembo. Wanaosema grafiki ni mapambo tu hawajalifikiria hili vizuri.

Kinachoniudhi mimi kuhusu picha kali kwenye mashine ya mkononi ni malipo yake, maana anayelipa ni betri. PSP ilipotoka, prosesa yake yenye uwezo wa 333 MHz ilifungwa isizidi 222 kwenye gemu, na kifungo hicho hakikufunguliwa hadi sasisho la mwaka 2007. Yaani watu walinunua nguvu ambayo kwa zaidi ya miaka miwili hawakuruhusiwa kuitumia yote. Ongeza UMD, diski ndogo iliyobeba gemu, inayozunguka na kunguruma huku ukikodolea macho maandishi ya kusubiri. Mkasa huu ni wa zamani. Mwaka 1990 Sega ilileta Game Gear yenye skrini ya rangi inayong'aa, ikala betri sita kwa saa chache tu, wakati Game Boy ya mwaka 1989, yenye rangi zake za majani yaliyokauka, ilikuwa inaendelea kwa betri nne siku nzima. Gunpei Yokoi, aliyeongoza uundaji wa Game Boy, aliamini katika kuchukua teknolojia iliyozeeka na kushuka bei, kisha kuitafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyawaza.

Lakini Yokoi huyohuyo ndiye aliyetuletea Virtual Boy mwaka 1995, mashine ya kuchungulia picha nyekundu ambayo haikumaliza hata mwaka sokoni Japani. Ubunifu nao una mizoga yake. DS yenyewe ilijaa gemu zilizolazimishiwa kalamu. Castlevania: Dawn of Sorrow ya mwaka 2005 ni gemu tamu kwelikweli, ila ukimlaza jitu mkubwa, unatakiwa uchomoe kalamu haraka na uchore alama, ukikosea, anafufuka na nguvu kidogo. Vidole vilikuwa kwenye vitufe, kalamu iko kwenye tundu lake nyuma. Nani aliomba hilo? Kisha ikaja 3DS mwaka 2011, na fahari yake ilikuwa picha za 3D, zenye kina, bila miwani. Miaka miwili baadaye Nintendo wenyewe wakauza 2DS, mashine ileile bila kina hicho, na gemu zake zikachezeka bila kukosa kitu.

Kipimo changu ndicho hicho: ukiuondoa ubunifu, je, gemu inabaki vilevile? Zelda ya muhuri inakufa. Za 3DS nyingi haziguswi.

Na kuna gemu moja inayovuruga ubishi wote, nayo ni ya PSP: Monster Hunter. Iliibeba mashine hiyo Japani, na si kwa picha pekee. Watu wanne walikaa pamoja, kila mmoja na PSP yake, wakaunganishwa bila waya na kumwinda mnyama mmoja. PSP ilikuwa na kijiti kimoja tu cha kusogezea, hakuna cha pili cha kuzungushia kamera, kwa hiyo wachezaji wakajibunia mshiko wa kucha: gumba la kushoto kwenye kijiti, kidole cha shahada kimekunjwa juu yake kubonyeza vitufe vya mishale. Unauma, lakini walicheza hivyo kwa mamia ya saa. Ubunifu mkubwa kuliko wote wa PSP ulifanywa na mikono ya wachezaji, kufidia kitu ambacho wahandisi hawakukiweka.

Mwaka 2025 Nintendo ilileta mashine nyingine, Switch 2, na safari hii kinachotangulizwa ni nguvu: skrini ya 1080p, picha laini zaidi, gemu nzito zilizokuwa za mashine za sebuleni. Kipya cha mikononi ni vidhibiti vinavyolazwa mezani na kuwa kipanya kama cha kompyuta. Betri, kwa makadirio yao wenyewe, ni kati ya saa 2 na saa 6 na nusu.