Kabla ya kubadili nywila, soma seva imejibu nini

Katika ofisi nyingi za hapa Tanga ambako mafaili hutumwa kila usiku kwa skripti (faili la amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe), iwe ni nyaraka za wakala wa forodha aliye jirani na bandari au orodha ya malipo ya wakata mkonge kutoka mashamba ya Muheza, kuna tabia moja ambayo imegeuka kuwa sheria: skripti ikishindwa kuingia kwenye seva, jambo la kwanza linalofanywa asubuhi ni kubadili nywila. Mtu wa kompyuta anapigiwa simu, anaambiwa "Fundi, nywila imegoma tena," naye anatengeneza nyingine, anaiweka kwenye skripti, kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi nywila haina hatia yoyote, na kuibadili kabla ya kusoma jibu la seva ni kuharibu ushahidi.

Hasara yake huonekana haraka. Ni nadra akaunti ya kutuma mafaili iwe na skripti moja tu. Huwa kuna ya usiku, kuna ya mchana, na kuna ile iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuhamia Dodoma ambayo hakuna anayeikumbuka. Nywila ikibadilishwa kwa ajili ya moja, nyingine hubaki na ile ya zamani na kuendelea kubisha hodi. Ikiwa seva inalindwa na programu kama fail2ban, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida huifungia kwa muda anwani iliyokosea mara 5 ndani ya dakika 10, basi ofisi nzima inayotoka kwenye intaneti kwa anwani hiyo moja hufungiwa. Kufikia hapo hata mwenye nywila sahihi hapiti, na kila anayejaribu anazidi kuamini kwamba nywila ndiyo mbovu.

Seva, kwa kweli, haifichi mambo kiasi hicho. Itifaki ya FTP, yaani kanuni za kutumiana mafaili na seva, ambayo maelezo yake ya mwaka 1985 yaliyohaririwa na Jon Postel na Joyce Reynolds ndiyo bado msingi wake, hujibu kila amri kwa namba ya tarakimu tatu. Namba 220 husema seva iko tayari, 331 husema jina limepokewa na sasa inasubiriwa nywila, 230 husema umeingia, na 530 husema hukuingia. Tahadhari ndogo: 331 isichukuliwe kuwa uthibitisho kwamba jina ni sahihi, kwa sababu seva nyingi huitoa hata kwa jina lisilokuwepo, ili mgeni asipate kubahatisha majina ya watumiaji. Kwa hiyo 530 inaweza kutokana na jina, na herufi kubwa badala ya ndogo katika jina hutosha kabisa kuileta.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni 425 kuripotiwa kwa bosi kuwa "seva imetukataa", ilhali mistari michache juu yake 230 imeandikwa waziwazi. 425 maana yake ni kwamba njia ya kupitishia data haikufunguka. Kuingia kulikwisha kamilika. Programu ya ftp inayokuja na Windows hutarajia seva ndiyo ifungue njia hiyo kuja kwenye kompyuta yako, jambo ambalo ruta au fayawoli ya ofisi hulizuia, na hapo ukibadili nywila mara mia hakuna kitakachobadilika. Programu hiyohiyo ina ubaya mwingine mkubwa zaidi: ikimaliza kazi hurudisha sifuri hata pale ilipokataliwa, hivyo skripti iliyoiita huandika "imekamilika" bila haya.

530 ya kweli, ile ambayo nywila inayofika kwenye seva ndiyo yenye kasoro, ina visa vinavyostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mara nyingi nywila iliyotumwa siyo ile uliyoiandika. Chukua nywila ya mfano, Mkonge%2Tanga. Ukiiandika kwa mkono kwenye dirisha la amri la Windows inapita kama ilivyo. Ukiiweka ndani ya faili la bechi, yaani skripti ya Windows, %2 husomwa kuwa ombi la neno la pili lililopewa skripti, na kwa kuwa hakuna neno hilo, kinachotumwa ni MkongeTanga. Dawa yake ni kuandika alama hiyo mara mbili, %%. Kwenye Linux ndugu yake ni alama ya dola iliyo ndani ya alama za nukuu mbili, ambayo hutafutiwa thamani na kutoweka pamoja na herufi zinazoifuata; nukuu moja moja huinusuru. Kisa kingine ni cha faili la nywila lililohifadhiwa kwa Notepad kisha likahamishiwa kwenye Linux: mwishoni mwa mstari hubaki herufi isiyoonekana, ambayo seva huihesabu kuwa sehemu ya nywila. Amri ya cat -A huionyesha ikiwa ^M. Ndiyo maana ninapopewa skripti inayokataliwa, kabla ya kugusa chochote huiambia ihesabu herufi za nywila inayotaka kuituma. Ikizidi moja au ikipungua mbili, mjadala umekwisha.

Kuna pia skripti inayofanya kazi mchana kwa mkono na kushindwa usiku yenyewe. Hapa nywila ni ileile, hivyo sioni kwa nini ilaumiwe. Kilichobadilika ni mtu anayeiendesha: ratiba ya Windows au cron ya Linux huweza kuiendesha kwa akaunti nyingine, yenye folda nyingine ya nyumbani, isiyo na ufunguo (faili la siri linalotumika badala ya nywila) wala orodha ya seva zinazojulikana. (Na wakati mwingine haikushindwa, bado tu haijaendeshwa: seva iliyowekwa saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, ikiambiwa 02:00 hufanya kazi yake saa kumi na moja alfajiri kwetu.)

Wanaotumia SFTP, njia ya kutuma mafaili yakiwa yamefumbwa, hukutana na ujumbe "Host key verification failed" (ufunguo wa seva haukuthibitishwa), nao huuhesabu kuwa kosa la kuingia. Sivyo. Seva ndiyo iliyoshindwa kujitambulisha kwako, au imejitambulisha kwa sura mpya, na nywila yako haijaombwa hata kidogo. Wengi huumaliza kwa kuweka StrictHostKeyChecking=no, yaani kuzima ukaguzi huo, na mimi hilo nalipinga moja kwa moja. Mpigie simu msimamizi wa seva, muulize kama wameihamisha, linganisheni alama ya ufunguo, kisha uipokee. Ni kazi ya dakika chache.

Kwa skripti zinazojiendesha ningependa nywila iondoke kabisa. SSH, itifaki ya kuingia kwenye seva kwa mawasiliano yaliyofumbwa ambayo SFTP hupitia, iliyoanzishwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, huruhusu kuingia kwa ufunguo, na Windows 10 tangu mwaka 2018 huja na programu zake. Amri ya sftp -b haitaulizia nywila na husimama faili la kwanza linaposhindwa kutumwa, jambo ambalo skripti inaweza kulibaini na kuliripoti. FTP ya kawaida hupeleka jina, nywila na orodha nzima ya mishahara bila kufumbwa. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, sijui mwajiri atajiteteaje.

Ufunguo nao una ukaidi wake. Ufunguo binafsi ukisomeka na kila mtu, programu hukataa kuutumia mpaka uupe ruhusa 600, yaani mwenyewe pekee ndiye ausome na kuuandika. Folda ya nyumbani kwenye seva ikiwa inaandikika na kundi zima, seva huupuuza ufunguo wako, nawe huona tu "Permission denied". Sababu yenyewe huandikwa upande wa pili, kwenye /var/log/auth.log kwa Ubuntu. Na OpenSSH 8.8, toleo la mwaka 2021 la programu ya SSH, ilipoacha kukubali sahihi za zamani za ssh-rsa, skripti zilizokuwa zikiongea na seva za zamani zilikataliwa bila mtu kubadili herufi moja.

Sisemi nywila isibadilishwe kamwe. Mfanyakazi akiondoka, au skripti ikionekana kwenye kundi la WhatsApp pamoja na kila kilichomo ndani yake, ibadilishwe siku hiyohiyo, na skripti zote zinazoitumia ziandikwe kwenye orodha kwanza. Kwa aliyekwisha kuhamia kwenye funguo na kuipa kila skripti ufunguo wake, kazi hiyo ni kufuta mstari mmoja kwenye authorized_keys, faili la seva lenye orodha ya funguo zinazoruhusiwa, na skripti nyingine zinaendelea usiku huo kama kawaida.