Ile supu ya Guangzhou, sasa nisikilizeni na mimi

Najua mshaisikia ile habari yangu ya China, eti nilikunywa beseni zima la supu mgahawani Guangzhou na bibi wa watu nikamnywesha kwa nguvu. Ustaadhi, rafiki yangu niliyesafiri naye, kairusha kwenye grupu la wafanyabiashara, kwenye grupu la mtaa, na sijui nani kaifikisha mpaka grupu la kwaya ya mama mkwe wangu. Sasa kabla toleo la kumi halijatoka naomba niweke mambo sawa. Sikunywa beseni zima. Nilikunywa bakuli moja, tena bakuli DOGO. Na yule bibi wa watu sikumnywesha kwa nguvu kama inavyodaiwa, bibi hakunywa hata tone. Hayo mengine yote ndio, ni kweli.

Mwenzenu nauza mabegi Kariakoo, na safari hii nikasema siagizi tena kwa simu, naenda mwenyewe nikaone kwa macho, maana mzigo uliopita zipu zilikufa kabla wateja hawajafika nyumbani. Tukapanda na Ustaadhi, tukaunganisha Addis, tukashuka Guangzhou tumepigwa na usingizi maana kule wako mbele yetu masaa matano. Tulienda kipindi cha Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara, ile ya mwezi wa kumi, na tukalenga awamu ya 3 ambayo ndo ina nguo, viatu na mabegi. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ustaadhi ilikuwa safari yake ya nne. Hiyo nne muiweke mahali.

Kwa mnaopanga kwenda pokeeni hii bure: WhatsApp, Google na Instagram kwa mtandao wa kule hazifunguki bila VPN (app ya kuzunguka vizuizi vya mtandao), na VPN unaipakua ukiwa bado nyumbani, ukishatua umechelewa. Mimi nilipakua ya bure, ikafanya kazi kama dakika kumi pale uwanja wa ndege ikafa moja kwa moja. Ustaadhi alikuwa na ya kulipia, haikugoma hata sekunde. Hiyo nayo muiweke mahali. Alafu kadi yako ya benki iunganishe na Alipay, app yao ya kulipia kwa simu, kabla hujaondoka, maana hata mama wa viazi vitamu vya kuchoma pembeni ya barabara kaning'iniza kikaratasi cha kuskani, ukimtolea noti anakuangalia kama umemtolea ganda la ndizi.

Siku tatu za kwanza niliishi kama mfalme jamani. Treni ya chini ya ardhi tiketi yake ni kidude cha plastiki cha duara kama kifungo cha koti, unagusisha unapoingia, unakitumbukiza unapotoka, na kila kituo begi lako linapita kwenye mashine ya ukaguzi, kwahiyo usiondoke hoteli umechelewa. Usiku tukaenda kuuona ule mnara wa Canton Tower, mita 600, unabadilika rangi kama mwanamke anajaribu madera dukani. Ijumaa Ustaadhi akanipeleka msikiti wa Huaisheng, moja ya misikiti mikongwe kabisa China nzima, yeye akaingia kuswali mimi nikabaki nje nautazama ule mnara wake, umesimama mnene mweupe kama mshumaa. Jioni tunarudi mtaa wa Xiaobei ambako ukikaa nusu saa unasikia Kiswahili, Kilingala, Kifaransa na ugomvi wa kilo za mizigo kwa lugha zote tatu. Nikajiona mwenyeji. Nikaanza kumwelekeza mtu njia mimi.

Siku ya nne ndo yule mama tunayechukua kwake mabegi, pale Sanyuanli kwenye masoko ya ngozi, akatualika chai ya asubuhi.

Sasa chai ya asubuhi ya Guangzhou usifikirie chapati mbili na chai ya rangi. Wao wanaita yum cha, maana yake kunywa chai tu, lakini ni shughuli ya masaa. Ukumbi mkubwa kama wa harusi, meza za duara, wazee wamekaa tangu alfajiri na magazeti yao, kelele tupu, na vyakula vinakuja kidogo kidogo kwenye vikapu vya mianzi vinatoa mvuke. Kuna vile vya kamba wa baharini vimefungwa kwenye unga mwembamba mpaka unamuona kamba mwenyewe anakuchungulia. Kuna miguu ya kuku. Watu wengi wageni wanaiogopa hiyo miguu, mimi nikacheka moyoni, mimi ambaye miguu ya kuku nimekulia nayo kibarazani jioni na pilipili? Nikasema leo hawanitishi na kitu.

Mezani tulikuwa wanne. Yule mama, mama yake mzazi ambaye ni bibi wa miaka themanini hivi, kibibi kidogo kisafi kimevaa sweta ya vifungo, mimi, na Ustaadhi. Ustaadhi kule anakula halali tu, yale maduka ya tambi za kuvuta za Lanzhou, kwahiyo asubuhi ile alikuja kunywa chai na kuheshimu mwaliko. Maana yake nini? Maana yake mikono yake ilikuwa huru muda wote kushika simu.

Nikamwamkia bibi shikamoo. Yani imetoka yenyewe. Akaitikia kwa kichwa, nikaichukua ile kama marahaba.

Mbele ya kila mtu kuna bakuli dogo, ndani yake kikombe kidogo na kijiko cha udongo, vijiti pembeni. Katikati ya meza bakuli kubwa, tupu. Yule mama akashika birika akamiminia bakuli zetu zote, yangu pia, maji ya moto ya rangi ya kahawia nyepesi, yanafuka moshi. Hapo hapo simu yake ikalia, akatoka nje kuongea. Mimi nikawa nimeinamia ile karatasi ya kuagizia chakula, imejaa herufi za Kichina na vijisanduku vya kuweka alama, naipiga picha niitafsiri. Nilivyoinua kichwa namuona bibi anamwaga yaliyokuwa kwenye bakuli lake kwenye lile kubwa la katikati. Ustaadhi naye akamwaga yake.

Naomba hapa mnielewe jinsi akili yangu ilivyofanya kazi, maana haikuwa ujinga, ilikuwa hesabu. Supu imeletwa. Watu wanachangia katikati. Nikajiambia ahaa, kumbe Wachina nao wana sinia kama sisi! Mtu anapunguza yake anaweka pamoja, watu wanakula kindugu. Nikaguswa kabisa. Nikasema mimi siwezi kuchangia kabla sijaonja, isije ikaonekana nimeikataa.

Nikainua bakuli kwa mikono miwili.

Kile kikombe kilikuwa bado kimo ndani. Nilipoinamisha kikaja mbio kikanigonga puani, ting. Nikakisogeza kwa kidole nikaendelea. Nikapuliza. Nikanywa. Ladha ilikuwa kama chai ambayo jani lake limetumika toka jana, halina sukari, halina chumvi, halina msimamo. Nikasema hii itakuwa supu ya wagonjwa, ya kusafisha tumbo. Nikapiga funda la pili. La tatu. Nikamaliza, nikashusha bakuli taratibu, nikafuta mdomo, nikamnyooshea bibi dole gumba na nikasema "mmmh".

Bibi kaganda. Vijiti viko hewani.

Nikageuka kwa Ustaadhi, namkuta anakohoa kafunika uso kwa mkono mmoja, ule mwingine uko chini ya meza. Mtu wa safari nne! Angenigusa tu mguu. Angesema hata "bro". Kimya.

Sasa mimi nimelelewa na bibi. Kwetu mtoto hali akashiba mbele ya mkubwa mwenye chombo kitupu. Naliangalia bakuli la bibi, kavu. Namwangalia usoni, ananikazia macho. Nikasema maskini, kampa mgeni sehemu yake, ana njaa anaona aibu kusema. Nikasimama. Nikabeba lile bakuli kubwa la katikati kwa mikono miwili, nikainama kidogo kwa heshima, nikammiminia.

Bibi akagonga meza kwa vidole viwili, tok tok.

Nyie, mtu ukimwekea kitu akagonga meza mbele ya chombo, anataka nini? Anataka kuongezewa. Nikaongeza. Tok tok. Nikaongeza. Tok tok. Nikamwangalia nikasema huyu bibi leo anaipenda, nikaongeza mpaka likafika ukingoni, likamwagikia ile karatasi ya kuagizia, herufi zote zikaanza kutembea.

(Nimekuja kujua baadaye kwamba kule mtu akikumiminia kitu, vidole viwili mezani ndo asante. Wanasimulia eti mfalme wao wa zamani Qianlong alikuwa anatembea kajificha kama raia wa kawaida, akammiminia mtumishi wake chai, mtumishi hawezi kupiga magoti watu wasijue, akapigisha vidole magoti mezani. Kwahiyo bibi alikuwa ananishukuru. Haelewi nafanya nini, macho yamemtoka, lakini mkono wake umelelewa vizuri unagonga wenyewe. Tulikuwa watu wawili wenye adabu tunaumizana.)

Na bado. Akaja dada mhudumu. Akanyoosha mikono kuchukua lile bakuli la katikati. Mimi nikalivuta kwangu. Akatabasamu, akalishika tena. Nikamwambia kwa Kiswahili kabisa, "Dada bado tunakula." Akavuta. Nikavuta. Ukumbi mzima wa wazee na magazeti yao umegeuka, gazeti moja baada ya jingine linashuka, na mimi na dada wa watu tunang'ang'ania maji kama tumekutana bombani saa kumi alfajiri. Hakuna aliyeshinda. Yalinimwagikia yote kuanzia kifuani kushuka chini, ya vuguvugu, na jani moja la chai likanibaki kwenye ndevu.

Hapo ndo yule mama akarudi. Akaniangalia mimi, bakuli la mama yake lililofurika, Ustaadhi ambaye sasa alikuwa kalala kabisa juu ya meza. Bibi akaongea maneno mengi kwa haraka, anaonyesha mdomo wangu. Mama akatoa simu, akaisemea polepole, akanigeuzia, na ile sauti ya kike ya mashine ya kutafsiri, Kiingereza kimenyooka, haina hisia hata moja, ikasema: "Rafiki, hayo ni maji ya kuoshea vyombo."

Wanaosha mezani jamani! Chai ya kwanza ni ya kusuuzia kikombe, kijiko na vijiti, mbele yako, alafu wanamwaga katikati na mhudumu anabeba. Kwahiyo ukienda suuza, mwaga, achia. Na ukitaka maji yaongezwe kwenye birika usiite mtu, sogeza tu kifuniko kikae upande watakuja wenyewe. Na kwa mnaouliza kama nilidhurika, sikudhurika, vyombo vilikuwa vimeshaoshwa jikoni, kule kusuuza ni desturi yao tu. Na chai wanatoza kwa kichwa, kila anayekaa mezani analipiwa, kwahiyo kimsingi yale maji yalikuwa halali yangu.

Mengine nayapitisha haraka. Walicheka, bibi alicheka mpaka akafutwa machozi, nikapewa fulana ya jikoni ya mpishi, tukala, miguu ya kuku nikala vikapu viwili kwa hasira, mabegi nikapata, zipu nimezikagua moja moja. Wakati wa kuaga bibi alinishika mkono akaniwekea pakiti ya majani ya chai, alafu akagonga kiganja changu kwa vidole viwili.

Nikaomba Ustaadhi yaishie pale. Akaniapia. Nami VPN yangu imekufa, siioni WhatsApp, nikawa natembea mtaa wa Shamian napiga picha kwenye yale majumba ya kizamani ya kizungu nimetulia, mtu mwenye siri yake. Siku tatu nzima. Tumeshuka Addis kusubiri ndege, simu ikashika mtandao, ikaanza kutetemeka mpaka ikaanguka kwenye kiti. Meseji mia nne na kitu. Ya kwanza niliyofungua ni ya mke wangu, haina salamu: "Ulikuwa na njaa kiasi gani?"

Jumapili tulikuwa ukweni. Watu wamekaa mkekani, pilau limeletwa, shemeji yangu mdogo anazunguka na jagi na beseni watu wananawa. Baba mkwe kanawa, mjomba kanawa. Kufika kwangu kasimama, kaliangalia beseni, kaniangalia mimi, sura kavu kabisa:

"Shemeji, wewe unanawa, au nikuletee kijiko?"