Sikumlilia Mama Yangu, Nilikuwa Namwita Mkwe

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu tangu jana jioni, kwamba nimebanwa na gari langu mwenyewe nikaanza kumlilia mama yangu aliyeko Tanga, ni uzushi. Kubanwa nilibanwa. Mama yangu sikumlilia. Niliyekuwa namwita ni mama mkwe, ambaye alikuwa hatua mbili mbele yangu, kanipa mgongo, kidole kwenye swichi. Na huyo aliyerekodi sauti hakuwemo ndani. Alikuwa nyuma ya gari amechuchumaa, mikono imejaa sabuni. Shahidi wa tukio ni mimi pamoja na kidole gumba changu cha mguu wa kulia, ambacho sasa hivi kiko juu ya mto na barafu.

Gari mnalijua. Wengi mlinicheka nilipolinunua: gari-nyumba la mkono wa pili, Ford E-450, injini V10 ya lita 6.8, halipishani na kituo cha mafuta bila kusalimia. Mkacheka tena chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu kiliponiandikia barua kuuliza litaondoka lini mbele ya gereji. Haya, safari hii lilipata kazi ya heshima. Mama mkwe kaja kututembelea hapa Houston, na tumeahidi kumpeleka Grand Canyon, zaidi ya maili 1,000 kutoka hapa. Galveston tulishampeleka. Aliitazama ile bahari yenye rangi ya chai ya maziwa, akauliza, "Hii nayo bahari?" akarudi garini kukaa.

Sasa kukaa ndiko kulikoleta yote. Miguu yake huvimba akikaa muda mrefu na daktari amesema ainyanyue. Na lile sofa la kiwandani, wenye magari haya mtanielewa, ni mbao iliyovalishwa godoro la adabu tu. Ukilikunjua linakuwa kitanda, na sijawahi kumwona mtu mzima aliyelilalia akaamka anaongea na watu vizuri. Mke wangu akasema, toa sofa, weka riklaina mbili, vile viti vya kujilaza, Mama anyanyue miguu. Nikampigia rafiki yangu, huyu tunayemwita Fundi ingawa kazi yake ni ya ofisini.

Kung'oa sofa sitawasimulia sana. Jueni tu kwamba kiwandani huingiza samani kabla hawajamaliza kufunga kuta, halafu wanakuachia mlango wa inchi 26. Sofa limefungwa sakafuni kwa boliti ndefu pamoja na mikanda ya abiria, na boliti zenyewe zimekula kutu. Tulilipindua, tukalisimamisha, tukalisihi. Mwisho Fundi akaleta msumeno wa umeme likatoka vipande vipande, majirani wamesimama na mbwa wao wakitutazama kama vile tunakata ushahidi. Chini yake tulikuta kijiko, hereni moja, na kiota cha panya kilichojengwa kwa ustadi kuliko lile sofa.

Riklaina ziliingia vizuri. Mgongo wake unachomoka, kuna kilimi nyuma unakibinya halafu unaunyanyua, na kiti kinapita mlangoni kikiwa nusu. Tena nilichagua zile za kukaa karibu na ukuta, ambazo ukijilaza kiti kinasogea mbele badala ya mgongo kurudi nyuma. Kwa hiyo msije mkaniambia sikupima! Nilipima. Slaidi ikiwa imerudi ndani, kiti kikiwa kimefungwa, inabaki nafasi ya kutosha mpaka kwenye kabati la jikoni. Vipimo nimeviandika ukutani kwa penseli, aje mtu avikague.

Kwa wasiojua slaidi: ni kile kipande cha ukuta, pamoja na sakafu yake, kinachotoka nje kwa mota ukiegesha gari, ili ndani kuwe na nafasi. Ukitaka kusafiri unakirudisha. Viti vyangu viko juu yake, jiko liko upande wa pili, vinatazamana. Swichi yake ni ya kushikilia. Ukibonyeza inakwenda, ukiachia inasimama. Iko ukutani kando ya mlango, karibu na jiko, imepangwa mstari mmoja na swichi ya taa, ya hita ya maji, na ya pampu ya maji. Zote rangi moja, na maandishi yalishafutika zamani kabla gari halijawa langu.

Basi. Kiti cha kwanza tumekiweka, tumekitia boliti moja kwa mkono, bado kukaza. Fundi katoka kwenda kuosha mikono kwenye bomba la nje, kule nyuma. Mimi nilikuwa nimeshaoga, nimevaa msuli wangu wa kijani. Nikasema ngoja nikijaribu kiti kabla ya mwenyewe. Nikavuta mkono wa pembeni, miguu ikapanda, mgongo ukashuka. Jamani. Kuna starehe nyingine mtu ukiipata unajiuliza miaka yote ulikuwa unakaa kwenye nini. Nikafumba macho. Mama mkwe alikuwa jikoni anapanga vijiko kwenye droo.

Nikasikia Fundi kule nje: "Mama! Nisaidie kuwasha pampu ya maji!"

Mama mkwe ni mwalimu mstaafu. Akipewa maelekezo hutekeleza. Akaenda kwenye zile swichi, akachagua moja, akabonyeza. Mota ikanguruma.

"Inafanya kazi!" Fundi akashangilia. "Ila maji bado, kuna hewa kwenye mabomba. Endelea kubonyeza Mama, usiachie!"

Nikafumbua macho nikaona jiko linanijia.

Naomba mwelewe mwendo wa slaidi. Haina haraka. Ingekuwa na haraka yangekwisha mara moja na leo nisingekuwa naandika haya. Inakuja inchi kwa inchi, na mtu una muda wa kutafakari. Mimi nimelala chali, nyayo mbele, nasafirishwa kuelekea mgongoni kwa mama wa mke wangu. Kitu cha kwanza kunijia akilini hakikuwa kubanwa. Nilifikiria kwamba naenda kumgusa mkwe kwa miguu. Nikaivuta pembeni, na kidole gumba cha kulia kikaingia kwenye mshikio wa droo ya vijiko. Kikaingia vizuri kabisa, mpaka kwenye fundo.

"Mama, achia!" nikasema kwa heshima.

"Usiachie Mama!" huyu wa nje.

"Mama, achia!"

"Karibu yanatoka, usiachie!"

Mama mkwe, bila kugeuka: "Nyamaza kwanza baba, fundi anasema nisiachie."

Hapo ndipo nilipopaza sauti. "Mamaaa!" Ndiyo. Ilikuwa ndefu, sikatai. Ilikuwa na mtetemo mwishoni, sikatai. Lakini ilikuwa na anwani, na anwani yake ilikuwa hatua mbili mbele, haikuwa Tanga. Fundi akaisikia kule nyuma akaijaza anwani anayoijua yeye.

Kiti kikaanza kurudi nyuma, maana ile boliti moja ilishakata tamaa. Kikagota ukuta wa slaidi. Ukuta unasukuma mgongo wa kiti, kabati linasukuma miguu, katikati niko mimi. Magoti yakapanda. Nikajaribu kukifunga kiti kwa nguvu, unakandamiza kwa visigino kama inavyotakiwa, na vile vyuma vya chini vinavyokunjuana vikafungamana na upindo wa msuli wangu. Nikausikia ukiliwa. Krr. Krr. Wakati huo magoti yameshafika kidevuni na naweza kuhesabu vijiko kupitia upenyo wa droo.

Wewe wa Minnesota uliyeandika kwamba ulicheka mpaka ukaegesha gari pembeni, subiri, hatujafika.

Mke wangu akaingia na birika la chai. Akatazama. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, achia." Mama akaachia. Mota ikanyamaza. Basi, yaani hivyo tu. Mimi nilikuwa nikisema neno lile lile.

Nikachomoa kidole. Nikajipenyeza ubavuni mwa kiti, nikasimama kwenye sakafu ya jikoni, nimeinama kati ya sinki na riklaina, msuli bado kiunoni lakini ncha yake iko ndani ya vyuma. Salama. Mambo yangeishia hapo. Kidole kingepona, siri ingebaki ya familia. Nilikuwa nataka kusema, "Leteni mkasi."

Mke wangu anayajua yale maswichi kuliko mimi. Akanionea huruma nilivyobanana. "Ngoja nikupe nafasi," akasema, akabonyeza slaidi itoke.

Fikirieni. Kiti kiko juu ya slaidi. Mimi nimesimama kwenye sakafu isiyotembea. Msuli uko kwetu sote wawili.

Mama mkwe ndiyo kwanza anageuka kuniuliza kulikuwa na nini.

Inchi za mwanzo nilizimudu. Msuli uliokunjwa vizuri huwa na akiba mbele, akiba ikaenda. Nikashika fundo kwa mikono miwili. Kiti kinaondoka taratibu, kimetulia, kinavuta, hakina ugomvi na mtu. Nikazunguka nusu kufuata kitambaa, maana ukivutwa ni ama uzunguke ama uachie. Nikazunguka tena. Nikajikuta natazamana na mama mkwe, nikazunguka haraka zaidi nisimtazame, na kumbe ndivyo nilivyokuwa naumaliza. "Simamisha!" namwambia mke wangu. Yeye birika mkono mmoja, swichi mkono mwingine, ananiuliza, "Irudi ndani tena?" Irudi ndani tena! Fundo likafumuka vidoleni mwangu taratibu, naliona, naliaga.

Chini ya msuli, wanaume wa Pwani mnaijua hali huwaje siku ya mapumziko mtu akishaoga. Wa bara waulizeni.

Kilichokuwa karibu ni kifuniko cha sufuria la pilau. Namshukuru Mungu tulipika la watu wengi. Nikajisitiri nacho, kilikuwa bado cha moto, nikavumilia, maana mbadala wake ulikuwa kifuniko cha birika. Mama mkwe alisema "Bismillahi" moja ndefu, akajifunika uso kwa kanga. Halafu, ni mama jamani, kanga ile ile akaivua begani, akageukia ukuta, akanirushia kwa nyuma bila kutazama. Ikanitua kichwani.

Jina la kanga nilitaka nilifiche, lakini Fundi aliwahi kufika mlangoni, na mikono yake ya sabuni, akalisoma kwa sauti nikiwa nimeshaifunga kiunoni: *Mficha uchi hazai*. Alikaa chini kwenye ngazi. Hakunyanyuka muda mrefu. Kitu pekee ninachoshukuru ni kwamba simu ingemteleza mkononi, ndiyo maana mmepata sauti, video hamna.

Yaliyofuata ni machache. Msuli tuliutoa kwa mkasi na koleo, mwingine umo humo mpaka leo. Boliti zote tumekaza, kiti cha pili kimeingia. Swichi ya slaidi imefunikwa kwa utepe mweusi na karatasi iliyoandikwa USIGUSE kwa mwandiko wa ubao, kaiandika Mama mwenyewe. Gari likitembea Mama atakaa mbele kwenye mkanda, riklaina ni za tukiegesha, hilo tumekubaliana wote. Alizijaribu jioni ile ile, miguu juu, nusu saa, uvimbe ukapungua. Akamwambia mke wangu, "Mwambie mwenzio viti ni vizuri." Mimi nilikuwa nimekaa mezani pale pale. Tunawasiliana kwa njia hiyo kwa sasa.

Asubuhi hii shangazi yake mke wangu kanipigia video kutoka Pongwe. Salamu zimekwenda vizuri, hali ya hewa, watoto, halafu akaniuliza kidole kikoje, na nyuma yake nikasikia ukumbi mzima unajikaza.

Safari ni Ijumaa. Fundi alikuwa anakuja nasi, sasa haji, na spana zake abaki nazo. Na kuna mtu aliuliza kwenye grupu kama lile sofa la zamani lipo bado. Lipo, vipande kumi na kitu, gereji. Njoo na gari lako, na kifuniko chako.