Takwimu zinapanda Dodoma, mtoto anabaki Sahare

Shule zetu hazina uhaba wa takwimu. Madawati yanaweza kupungua, matundu ya vyoo yanaweza kupungua, lakini takwimu tunazo za kumwaga. Asubuhi mwalimu wa darasa anaita majina na kuweka tiki na sifuri kwenye daftari la mahudhurio. Mwisho wa mwezi anajumlisha. Mwalimu wa taaluma anakusanya alama za majaribio, mkuu wa shule anajaza mfumo wa taarifa za shule, Baraza la Mitihani lina namba ya PReM ya mtoto, yaani namba yake ya utambulisho, tangu yuko shule ya msingi, na TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, inatoa takwimu za elimu zenye idadi ya walioacha shule, mkoa kwa mkoa, sababu kwa sababu. Kwenye safu ya sababu, utoro ndio unaoongoza kwa mbali. Mtoto alikuwa wapi siku hizo alizotoroka, safu haisemi.

Vyote hivyo vinapanda kwenda Dodoma. Kinachoshuka ni waraka na kikao cha matokeo. Mimi nafundisha hisabati shule ya kata hapa Tanga mjini, upande wa pwani, na ni mwalimu wa darasa. Sijawahi kupokea karatasi kutoka ngazi yoyote inayoniambia, wiki hiihii: hawa watoto wako watano wameanza kupotea, wafuate. Napokea ya kuniambia mwaka jana tulipoteza wangapi.

Hata kanuni zetu zimekaa kwa mtindo huo. Mwanafunzi akitoroka siku 90 mfululizo, anaweza kufutwa kwenye orodha. Siku 90 ni muhula unaokaribia kuisha. Kijana wa miaka kumi na minne akikaa mtaani muda wote huo ameshapata kijiwe, ameshapata mtu wa kumpa pikipiki aendeshe jioni, na ameshaonja kushika hela yake mwenyewe. Tunayo hesabu rasmi ya kumfuta mtoto. Hesabu rasmi ya kumfuata siku ya tatu hatuna, kila shule inajitungia yake au haijitungii kabisa.

Ndiyo maana huwa sichangamki sana nikisikia unakuja mfumo mwingine wa kidijitali wa kukusanya taarifa. Nauliza swali moja tu: utanirudishia nini mimi, na lini?

Niseme nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka jana nilichukua daftari la Kidato cha Pili, muhula mzima, nikaliingiza kwenye jedwali la Excel. Nilitumia kishikwambi, vile vilivyofanya kazi ya Sensa ya Agosti 2022 kisha tukagawiwa walimu. (Changu kina ufa kwenye kioo, kwa hiyo safu ya Alhamisi naisoma kwa kukiinamisha.) Kwenye daftari la karatasi kila mwezi una ukurasa wake na jumla yake chini. Ukiutazama ukurasa peke yake huoni kitu cha maana: huyu kakosa siku nne, yule sita, basi. Nilipozipanga wiki zote kwa mstari mmoja bila kukata miezi, sifuri za wavulana fulani zikaanza kujipanga zenyewe. Zinajaa, zinapungua, zinajaa tena. Nikashusha kalenda ya ukutani ofisini, ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni, nikalinganisha. Watoto walikuwa wanakosa shule kwa kufuata mwezi wa angani.

Mtu wa Tanga atanicheka, kwamba mwalimu alihitaji kompyuta kujua hilo. Mashua za dagaa zinatoka na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika. Giza likirudi, alfajiri mzigo unashuka pwani na kazi inaanza: kubeba, kuchemsha, kuanika, kugeuza. Mikono ya karibu ni ya vijana wa nyumbani. Pwani nzima inajua. Lakini mwezi mwandamo una siku 29 au 30, kalenda ya shule haiendi nao, kwa hiyo mapengo yanahama kila mwezi na jumla ya mwisho wa mwezi inayameza. Walimu wengi pia si wenyeji wa hapa. Mtu katoka Rukwa au Simiyu, atajuaje giza na mbalamwezi? Anaona mtoro.

Nikapanda baiskeli kwenda kwa mmoja wa wavulana hao, mtaa wa Sahare. Nikamkuta bibi yake anageuza dagaa kwenye turubai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu, karibu. Umekuja kunishitaki?"

"Hapana bibi. Nimekuja kumuulizia mjukuu wako."

"Kalala. Kaingia na adhana ya alfajiri, vidole vimemvimba kwa chumvi. Hili giza mwalimu, hulioni? Mbalamwezi ikitoka nakuletea mwenyewe hadi mlangoni."

Hakuwa anaomba radhi wala ruhusa. Alikuwa ananipa ratiba.

Sisemi ni sawa. Mwanafunzi kukesha kazini si sawa, na nilivyoongea na mwenye mashua maneno yalikuwa na ukali kidogo kabla hatujaafikiana kijana aende usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili tu. Makubaliano yenyewe nusu yanashikwa, nusu yanavuja. Lakini kuna kitu ambacho ni changu peke yangu, nacho ni mpangilio wa somo. Majaribio sasa nayaweka siku za mbalamwezi. Mada nzito siianzi katikati ya giza, na nikilazimika, naacha kipindi cha kurudia wiki inayofuata. Gharama yake ni sifuri. Hakuna aliyenipa semina. Ni daftari lile lile lililokuwa kabatini, limepangwa upya.

Wenzetu walioanza mapema kuwatafuta kwenye takwimu watoto wanaoanza kupotea walifika hapohapo kwa njia yao. Chicago, Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha huko walikuja na kipimo cha nani yuko kwenye mstari wa kumaliza shule, mwaka 1999, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari. Kinaangalia mambo mawili: mtoto amekusanya krediti, yaani masomo aliyofaulu, za kutosha kupanda darasa, na hajafeli masomo ya msingi zaidi ya mara moja. Utafiti wao wa 2005 ulionesha kwamba aliyetimiza hayo alikuwa na nafasi ya kumaliza shule kwa wakati zaidi ya mara tatu na nusu ya yule ambaye hakutimiza. Philadelphia nako, mwaka 2007, mtafiti Robert Balfanz na wenzake walikuta dalili zinaonekana tangu darasa la sita: mahudhurio chini ya asilimia 80, kufeli hisabati, kufeli Kiingereza, tabia mbaya. Hakuna ajabu ya kompyuta hapo. Mwalimu wa darasa yeyote wa Makorora au Pongwe, hapa hapa Tanga, angekutajia orodha hiyohiyo akiwa anakunywa chai.

Kilichobadilisha mambo Chicago ni kwamba orodha zilianza kushuka. Shule zilipewa majina ya watoto wao mwaka ukiwa bado unaendelea, walimu wakakaa nazo mezani. Waliotimiza kipimo kile mwaka wa kwanza wa sekondari walikuwa asilimia 57 mwaka 2007. Kufikia 2013 walikuwa asilimia 82.

Alama nazo tunazisoma vibaya. Tunajumlisha za mtoto, tunampa nafasi darasani, wa kwanza hadi wa mwisho, tunabandika ukutani. Ukizisoma kwa wima, yaani swali kwa swali, unakutana na habari nyingine kabisa. Kidato cha Kwanza niliwapa mlinganyo mtupu, 3x + 700 = 2,200, wengi wakaupata. Mbele kidogo, kwenye karatasi hiyohiyo, kulikuwa na mtu aliyenunua madaftari matatu na kalamu ya shilingi 700 akalipa shilingi 2,200, daftari moja bei gani? Hesabu ni ileile hadi mwisho. Ila hii ilikuja kwa sentensi tatu za Kiingereza, na kwa zaidi ya nusu ya darasa pale palikuwa peupe, hata "x" haikuandikwa. Hawa ni watoto waliosoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi yote, wakavuka Januari wakakuta kila kitu kimebadilika lugha. Kwenye jumla wote hao wanaonekana "dhaifu wa hisabati" na dawa yake ni kambi ya masomo ya ziada, mazoezi ya milinganyo asubuhi na jioni. Hawakuhitaji milinganyo. Walihitaji dakika kumi za maneno kabla ya kila mada, na wangefundishwa milinganyo mpaka Disemba bila kupona.

Sasa upande ninaouogopa. Jimbo la Wisconsin, hukohuko Marekani, lilijenga mfumo wa kompyuta unaotabiri nani hatamaliza sekondari kwa wakati, na kwa miaka kumi hivi wakawa wanaupeleka mashuleni. Mwaka 2023 waandishi wa chombo cha habari cha The Markup waliuchunguza. Ulipotabiri kwamba mtoto hatamaliza, ulikosea karibu robo tatu ya mara zote, na kengele za uongo zililia zaidi kwa watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini kuliko kwa wazungu. Rangi ya mtoto na umaskini wa kwao vilikuwa miongoni mwa vitu ulivyolishwa.

Hebu uleteni huo Tanga. Ulisheni kata anayotoka mtoto, kazi ya baba, kama analelewa na bibi. Kila mtoto wa mvuvi ataingia Kidato cha Kwanza akiwa na alama nyekundu ya hatari kabla hajakosa siku moja. Na mwalimu akishaona nyekundu, hata kumuuliza swali darasani anaacha. Mimi nataka mfumo uniambie mtoto alifanya nini wiki iliyopita: alikuja, hakuja, aliandika, hakuandika. Alikozaliwa nitakujua mwenyewe nikifika kwao.

Safu ya "sababu" nayo nimeiondoa kwenye jedwali langu. Tangu waraka wa 2021 uliowaruhusu walioacha shule kurudi, wakiwemo wasichana waliojifungua, tunao wasichana wanaojaribu tena, na baadhi yao wanachotaka hasa ni kuachwa wawe wanafunzi kama wengine. Kishikwambi kinazunguka ofisini kwa mikono mingi. Neno moja kwenye kisanduku likisomwa na mtu asiyehusika, kesho liko sokoni. Mambo ya namna hiyo yakae kichwani mwa mwalimu wa malezi.

Na WhatsApp! Shule nyingi zina kundi la wazazi, na wapo wanaorusha humo picha ya orodha ya watoro, majina matatu matatu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini tuiweke pembeni kidogo: hivi mzazi aliyefedheheshwa mbele ya wazazi wenzake mia, kesho atakuja shule au atatoka kwenye kundi? Anatoka. Isitoshe wazazi wa watoto wanaopotea ndio hasa wasiokuwemo. Namba iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga ni ya jirani, au ya mjomba aliyeko Mombasa, au laini imeshafungwa. Kwa hao, teknolojia ni baiskeli. Ukitaka njia ya mkato, mpitie ustadhi wa madrasa ya mtaani. Mchana watoto wengi wako kwake, na asipomwona mtoto siku mbili anajua nyumba ya kuuliza.

Kuna jambo tunaliongea chini chini: daftari linapikwa. Ruzuku ya uendeshaji inahesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi, na mkuu wa shule mwenye mahudhurio ya chini anaitwa kujieleza. Basi siku anayotarajiwa mgeni, tiki zinajaa hadi kwa mtoto aliyehamia Handeni. Sitawalaumu walimu peke yao. Takwimu ikitumika kama fimbo, watu watailinda migongo yao. Mwaka ambao daftari litanisaidia mimi kufanya kazi yangu, nitaliandika kwa ukweli kwa sababu nitakuwa nalihitaji.

Ombi langu kwa wanaotengeneza fomu ni dogo. Kwanza, kila Alhamisi mfumo unaopokea mahudhurio yetu umrudishie mwalimu wa darasa majina ya waliokosa siku tatu ndani ya wiki mbili, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, maana bando ni la mwalimu na umeme hauna ahadi. Pili, shule ipewe nauli au tairi la baiskeli kwa ajili ya kufuatilia. Tatu, kwenye taarifa ya robo mwaka iongezwe safu moja: watoto waliofuatwa nyumbani kabla ya siku ya saba. Najua na hiyo itapikwa. Lakini afisa elimu kata anaweza kumpigia mwenyekiti wa mtaa na kumuuliza kama kweli mwalimu alipita, na mwenyekiti wa mtaa wa huku kwetu hana sababu ya kumsitiri mwalimu asiyemjua sura.